Unga wa Kiapo

Mzee Maghanga hupitia mlango wa nyuma. Kila anapokuja kuchukua vidonge vyake mimi humwachia komeo wazi, ili asisimame nje akaonekana. Asubuhi ile haikuwa siku yake ya kuja. Nilikuwa nimeinamia mashine ya kuchapa dawa, naisafisha, nikasikia mtu anakohoa jikoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Saru. Wameniita kwenye unga."

Nilikuwa nimeshasikia. Vuria ni mji mdogo uliokaa kileleni, na habari hupanda na kushuka ngazi zake kabla chai haijachemka. Tangi la chini lilikuwa limekutwa tupu. Mboga za watu wa matuta ya chini zilikuwa zimenyauka, na ufunguo wa tangi lile huning'inia shingoni mwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa ameketi jikoni kwangu akiipapasa kofia yake.

"Ulifungua?" nilimwuliza.

"Nimfungulie nani? Mimi mwenyewe nakula mboga za huko huko." Akaguna. "Nimewaambia walikague bomba. Limepita chini ya ile mikaratusi, na mikaratusi ina kiu kuliko ng'ombe. Wakanijibu, bomba la nini, mzee, na unga upo?"

Hapo ndipo tulipofika sisi watu wa Vuria. Maji yetu yote hutoka kwenye ukungu unaonaswa na nyavu za kileleni, na zamani, kabla sijazaliwa, watu walichinjana kwa ajili ya ndoo. Kisha waasisi wakatengeneza unga wa kiapo. Ni unga wa muhogo uliobadilishwa tangu mbegu, mweupe, hauna ladha. Mtu hutiwa kijiko kimoja mdomoni, husema neno lake mbele ya watu, kisha huutema kwenye sahani. Anayesema kweli ametulia, mate yanamjaa, na unga unageuka kijani. Mwongo ameingiwa na hofu, kinywa kimemkauka, unga unatoka mweupe kama ulivyoingia. Aliyetema mweupe hufungishwa virago akashuka tambarare, kwenye lile joto, akibahatika afike mahandaki ya Voi, ambako watu bado wanaishi. Tangu unga uje, hakuna aliyemwaga damu ya mwenzake mjini kwetu. Ni jambo kubwa hilo, wala silidharau.

"Basi huna la kuogopa," nilimwambia, na papo hapo nikakumbuka ni vidonge gani ninavyompa.

Mzee Maghanga akauona uso wangu ulivyobadilika. "Ndilo lililonileta," akasema. "Kinywa hiki, Saru, tangu unianzishie vile vidonge, hata ugali nausukuma kwa maji. Nikitema unga ule utatoka mweupe."

"Cha leo umeshakimeza?"

"Alfajiri, kama ulivyoniagiza."

Nilivuta kigoda nikaketi mbele yake. Mara ya kwanza nilipomweleza kazi ya vidonge vile alikuwa na haya, anaangalia sakafu, nadhani hakusikia hata nusu. Safari hii alinitazama.

"Neva zikitaka kibofu kijikaze, mzee, hutuma mjumbe. Ni kemikali, inaitwa asetilikolini. Inakwenda kubisha kwenye vipokezi vilivyo kwenye misuli ya kibofu, tunaviita vipokezi vya muskarini. Wewe mtu wa funguo, vichukulie kama kufuli. Mjumbe anaingiza ufunguo, anauzungusha, kibofu kinajikaza, na wewe unatafuta choo. Chako kinajikaza hata maji yakiwa kiduchu. Kidonge ni ufunguo uliovunjikia ndani ya kufuli. Umeingia, hauzunguki, na mjumbe akija anakuta tundu limejaa."

"Hilo nalijua. Ndiyo maana silowani."

"Ila kufuli za namna hiyo hiyo ziko kwenye tezi za mate. Ziko machoni, ziko tumboni. Kidonge hakijui kwamba kimetumwa kibofuni tu. Kinaziba popote kinapozikuta."

Alifikiri kidogo. "Kumbe ndiyo maana siku hizi kipimo cha tangi sikisomi mpaka nirudi nyuma hatua mbili?"

"Ndiyo maana."

"Na mimi nikadhani ni uzee." Alikuwa kama aliyefurahi kupunguziwa miaka.

Dawa ile ni ya taratibu, hukaa mwilini. Hata angeacha siku ile, mate yasingemrudia kabla ya kesho yake, na kiapo kilikuwa alasiri. Basi nikaenda rafuni. Kuna dawa nyingine ambayo ni kinyume chake, nayo ni ufunguo mzima. Inaingia kwenye kufuli zile zile na kuzizungusha, hata mjumbe asipotumwa. Tone moja ulimini na mate hutiririka. Nikaishika chupa, moyo umenipoa, nikijiona mjanja. Mkweli atatema kijani, kosa liko wapi? Kisha nikairudisha chupa mahali pake.

"Nini tena?" akauliza.

"Zinagombea kufuli moja, mzee. Inayoshinda ni ile iliyo nyingi. Nikikupa ya kutosha kukishinda kidonge kinywani, itakishinda na kule chini. Utatema kijani, lakini utalowa mbele ya mji mzima. Na moyo nao una kufuli hizo. Zikizungushwa kwa nguvu unapiga polepole, na kwa umri wako unaweza kukataa kuendelea."

Mzee Maghanga akacheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo nichague. Nikauke juu au nilowe chini."

"Au uwaambie ukweli. Useme unatumia dawa, na mimi nitathibitisha."

Kicheko kikakatika. "Saru, mimi ni mlinzi wa maji. Baba yangu alikuwa mlinzi wa maji. Nisimame pale uwanjani niseme siwezi kuzuia hata yangu?"

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mzee."

"Heri kifo kiniumbue kuliko vijana wa ngazini." Akasimama, akavaa kofia. "Ulinipa neno kwamba siri hii haitavuka mlango huu. Unalo bado?"

"Ninalo."

"Basi nikishushwa, nitashuka nikiwa mkavu." Akatoka alikoingilia. Niliipenda jeuri yake, na niliichukia vilevile, kwa sababu jua la tambarare lisingemfikisha popote mtu wa umri ule.

*

Mama Mkawasi yeye hupitia mlango wa mbele. Ndiye mwapishaji wetu, anayewatia watu unga siku ya kiapo. Huja na kitambaa chake cheupe begani, na watu waliokuwa wakibishana mlangoni kwangu hunyamaza bila kuambiwa. Alikuwa amefuata matone yake, maana ana presha ya macho. Matone yale yametengenezwa kwa ile dawa ya ufunguo mzima. Yanakaza mboni za macho, maji yaliyobanwa ndani ya jicho yapate pa kutokea. Ukimtazama Mama Mkawasi usoni utaona mboni ndogo kama punje za ulezi, na wageni hudhani ni ukali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nitilie na chupa ya akiba, leo nitakaa sana juani."

Niliiwasha mashine. Ilikuwa inanguruma, na mimi natafuta neno lisilovunja ahadi. "Mama, watu wanasema bomba la chini halijakaguliwa. Si kiapo kingengoja vijana wakatazame?"

"Saru." Hakupandisha sauti. "Mwakio nilimngojea?"

Mwakio ni mwanawe wa pekee. Palipotea mbegu kwenye ghala, ikasemekana yeye ndiye aliyelala zamu, na mama yake akamtia unga mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Akatema mweupe. Mama yake akamfungia virago, akamsindikiza hadi ngazi ya mwisho, akarudi kupika. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kusema kwamba unga una upendeleo. Amani yote ya Vuria imesimama juu ya mgongo wa mwanamke huyu, na yeye anajua.

"Wenzangu wana wajukuu," akasema, akiangalia mashine. "Mimi nina unga. Nikianza leo kumwonea huruma Maghanga kwa sababu ni mzee wa watu, yule wangu nilimfukuzia nini?"

"Kweli, mama."

"Alikuwa na kifua kibaya, unakumbuka? Ukungu huu haukumpenda. Baba yako, apumzike kwa amani, alimchapia vile vikopo vya kuvuta usiku na mchana. Nilimwekea vitatu kwenye mzigo. Sijui kama vilimfikisha."

Nilikuwa nimemshikia chupa, nikasahau kumpa. Vikopo vile navijua vizuri. Kazi ya dawa iliyomo ni kuziba kufuli za muskarini kwenye mirija ya pumzi, ili misuli ilegee na hewa ipite. Mwakio, tangu utoto, akiingiwa na wasiwasi alivuta kikopo chake. Siku ya kiapo chake lazima alivuta na kuvuta tena. Na mtu akivuta dawa kwa kinywa, inapita wapi kwanza?

Huenda aliiba zile mbegu. Huenda hakuiba. Unga haukuwa umesema lolote juu yake.

"Unaumwa?" Mama Mkawasi akaniuliza. "Umepauka."

"Sijala tangu asubuhi," nilimwambia, na hilo lilikuwa kweli.

Akaniagiza nile, akaenda zake. Nilibaki nimeegemea rafu. Nikinyamaza, mzee asiye na kosa anashuka kufia tambarare. Nikimtaja na dawa yake, navunja neno langu na kumvua nguo mtu aliyeniamini. Na kwa vyovyote vile, nikionyesha kwamba kidonge kinaweza kuudanganya unga, nauvunja unga wenyewe, ndoo zianze tena kugombewa, na mwanamke yule ajue alichomfanyia mwanawe. Niliogopa hilo la mwisho kuliko yote. Ndoo zina watu wengi wa kuzisemea, lakini yeye pale hakuwa na mtu isipokuwa mimi.

Kisha nikachukua vidonge vya Mzee Maghanga, viwili badala ya kimoja, nikavimeza kwa maji ya mwisho niliyojua nitayafurahia siku ile.

*

Dawa ukiijua kwa kuwapa watu, huijui. Kufikia adhuhuri ulimi wangu ulikuwa umenata kwenye kaakaa. Nilipojaribu kusoma lebo ya chupa mkononi, herufi zikanikimbia, kwa kuwa misuli inayolikaza jicho lione karibu ilikuwa imezibiwa kufuli zake. Mwanga wa nje ulinichoma. Moyo ulinienda mbio ingawa nimekaa, maana mjumbe anayeutuliza naye alikuwa amekuta tundu limejaa. Nilimwonea huruma Mzee Maghanga, ambaye ameyabeba haya kila siku bila kulalamika, ilmradi suruali yake iwe kavu.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa. Mama Mkawasi alisimama kati, mbele yake meza, bakuli la unga na sahani nyeupe. Kwa desturi yetu mwapishaji hula kwanza, watu waone unga hauna sumu. Akajitia kijiko, akasema, "Mimi ni Mkawasi, mwapishaji wa Vuria," akatema. Kijani kibichi. Watu wakanong'ona kwa kuridhika, kama wafanyavyo kila mara. Hakuna kijani kama cha Mama Mkawasi, husema wazee, yule mwanamke hana doa. Nami nikiwa pale, naziangalia mboni zake za ulezi, nikaelewa jambo ambalo ningepaswa kulielewa zamani. Matone ya macho hayaishii machoni. Hushuka puani, hushuka kooni, na kila kufuli yanayoikuta yanaizungusha.

"Maghanga, mlinzi wa maji!" akaita.

Mzee akasogea, kofia mkononi, kidevu juu.

"Namtangulia," nikasema.

Hiyo nayo ni desturi yetu, ila watu walikuwa wameisahau. Anayemwamini mshtakiwa anaweza kumtangulia, ale unga kabla yake na kusema neno la kweli, kuonyesha kwamba anasimama naye. Akitema mweupe, anashuka pamoja naye.

"Saru," Mzee Maghanga akaninong'oneza, "una wazimu?"

"Nyamaza, mzee."

Mama Mkawasi akanipa kijiko. Unga ulinishika mdomoni kama vumbi la barabarani. Nilijitahidi kutoa sauti. "Mimi ni Saru, binti Nyambu, mtengeneza dawa." Nikatema. Ulidondoka kwenye sahani kama ulivyokuwa bakulini, mweupe, mkavu, na mwingine ukapeperuka.

Mtu mmoja akacheka kwa mshtuko. Mwingine akasema, "Kwani huyu si Saru?"

"Ni mimi," nikasema. "Mmenijua tangu nabebwa mgongoni. Baba yangu ni Nyambu, na hapa hakuna asiyemjua. Nimesema kweli, na unga umesema nimedanganya. Nimemeza dawa inayokausha mate. Anayeitumia hutema mweupe hata akitaja jina lake."

Nikawaeleza habari ya mjumbe na kufuli, kwa ufupi, ulimi ukinikwama. Walinisikiliza. Nikamaliza na kusema kwamba mjini kwetu wapo wanaoitumia, kwa magonjwa yao.

"Nani?" Mama Mkawasi akauliza. "Maghanga anaitumia?"

"Siwezi kusema, mama. Nilitoa neno."

"Basi umetuvurugia kiapo, na hujamsaidia."

Alisema kweli. Mpango wangu ulikuwa umefika mwisho wake, na mbele yangu sikuona njia. Kisha nikasikia Mzee Maghanga anavuta pumzi.

"Mtoto wa watu ameula unga kwa ajili yangu," akasema, "na mimi naona haya ya suruali." Akaugeukia umati. "Ni mimi. Kibofu changu kimechoka. Bila kidonge silali, wala sikai kikao. Mlinzi wa maji wa Vuria hawezi kuyazuia yake. Haya, chekeni, mmalize."

Walicheka. Nisiwasingizie wema ambao hawakuwa nao, walicheka sana, na vijana wa ngazini ndio waliotangulia. Lakini kicheko kilipoisha hakuna aliyemwambia ashuke, na vijana wale wale ndio walioinuka wakachukua majembe kwenda kwenye mikaratusi. Walilikuta bomba limepasuliwa na mzizi mnene kama mkono wa mtu. Mzee Maghanga mpaka leo wanamtania, naye anawajibu kwa matusi mazuri.

Hayo yalikuwa ya baadaye. Wakati ule, watu wakiwa bado wanafuta machozi ya kucheka, nilimwona Mama Mkawasi hajacheka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Saru," akasema taratibu, "na ile ya kuvuta? Ya kifua?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu asubuhi, na nilikuwa nimejiandalia majibu mengi ya kulainisha. Yote yakanitoka. "Ni ya namna hiyo hiyo, mama. Inakausha kinywa."

"Na matone yangu?"

"Yanafanya kinyume. Yanajaza mate."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelezwa bei ya kitu sokoni. Umati ulikuwa umeanza kuelewa, na minong'ono ikafa upande mmoja baada ya mwingine. Nilitamani angeuliza zaidi, angenilaani, angelia. Yeye alichukua kitambaa chake begani akaifuta sahani, akaondoa mweupe wangu mpaka ikang'aa. Akachota unga, kijiko kimejaa, akajitia mdomoni. Aliusimamisha mgongo wake kama asimamavyo siku zote anapoapisha.

"Mimi ni Mkawasi," akasema, na sauti yake ilifika mpaka ngazi za mwisho. "Sijawahi kuzaa."

Akatema.

Ulikuwa kijani, kibichi kuliko kile cha kwanza. Tuliutazama wote, na Mzee Maghanga akavua kofia aliyokuwa ameshairudisha kichwani.

Mama Mkawasi aliufuta mdomo kwa ncha ya kitambaa. Akalifunika bakuli la unga, akanisogelea karibu mpaka sura yake ikanipotea kwa macho yale ya vidonge, nikabaki na sauti yake tu.

"Ile mashine yako bado inachapa vikopo vya pumu?"

"Inachapa, mama."

"Nichapie vingi. Nashuka Voi."